Baiskeli kwa Wimbo wa Kinu

Akina mama wenzangu, sikusimama hapa mkutanoni ili nilie. Nimesimama na hasira yangu, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mnanijua, mwendawazimu wa baiskeli hapa Mshangano. Kabla sijajifungua nilikuwa mwanamke pekee katika klabu ya mashindano, na baiskeli ninayoendesha ni ya klabu. Mtoto alipoanza kukaa, kocha akaniambia, "Rudi mazoezini kama wenzako. Namtumbo, kwenda na kurudi. Siku ya mchujo, asiyefika na kundi anarudisha baiskeli."

Nikaenda. Naondoka alfajiri, narudi jua kali, matiti yamevimba kama jipu, mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Ndugu zangu, nawaambia, hata maziwa yalipungua. Siku moja kizunguzungu kikanitupa mtaroni. Wenzangu wakapita wakicheka, "Mama, kanyonyeshe!" Hakuna aliyeshika breki.

Nikamwambia mama mkwe, "Baiskeli nairudisha." Alikuwa anatwanga. Akanikabidhi mchi. "Kwanza nipokee, mgongo unaniuma."

Mnajua tunavyopokezana kinuni kwa wimbo. Mmoja anapiga ubeti mzima kwa nguvu zote, mwenzake anavuta pumzi, kisha zamu yake. Nikapiga, nikapumzika, nikapiga tena. Mara naona jasho linanitiririka kama nimetoka Namtumbo, na mtoto yupo pale mkekani, anacheka. Nikauliza, "Mama, kwani mlima hauwezi kupandwa hivi?"

"Iulize miguu yako."

Kesho yake sikwenda Namtumbo; nikaenda na baiskeli kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Kwanza nazunguka polepole mpaka magoti yalegee. Kisha ubeti mmoja napanda kwa nguvu zote, sibakizi kitu. Kiitikio nateremka, napumua. Halafu tena, mpaka siwezi kuuvuka ubeti kwa kasi ile ile, hapo naacha. Mama mkwe alisimama juu, mtoto mgongoni, akiniimbia, maana mimi pumzi sina. Nikizembea anapiga kelele, "Unga huo una chenga, twanga!"

Nikawa nafanya kila siku. Miguu ikawa mawe. Akanicheka: "Mahindi tukishakoboa tunayaloweka kwanza. Wewe mbona unajitwanga makavu?" Nikaanza kuruka siku moja katikati, napumzika. Nguvu zikaja, na maziwa yakarudi.

Siku ya mchujo wenzangu wa klabu walinitania mpaka mlima wa mwisho. Pale nikaanza wimbo moyoni. Ubeti wa kwanza nikawafikia. Wa pili sikusikia utani tena, nasikia wanahema. Nilifika na walio mbele.

"Umefanyia wapi mazoezi?" kocha akauliza.

"Kwenye kinu."

Akadhani namdharau. Na sasa hivi, akina mama, vijana wake wanapanda na kushuka mlima kwa mtindo wangu ule ule, ila zama hizi za ruksa, bidhaa za nje zimejaa, kila kizuri lazima kiwe kimetoka nje, basi anawaambia mazoezi hayo kayasoma kwenye jarida la Ulaya! Nisikasirike?

Mama mkwe, uliyekaa pale nyuma, shikamoo, na asante kwa koo lako. Nanyi majirani mliofunga mbuzi wenu ili nipite mwinukoni, asanteni.

Kwa hiyo nawaambia: mtu akikupimia kazi kwa siku yake isiyo na mtoto, mkatalie. Pima kwa wimbo wako, ila ubeti wako ukaze wote.

Baiskeli ipo hapo nje, nimeiegemeza mlangoni. Kocha akiitaka, aifuate mlimani.