Mbwa wa Kukaa na Sungura

Ndani ya treni, muuguzi alimwuliza mzee aliyeketi jirani naye, mfugaji wa mbwa, ni mbwa gani angekaa kwa amani na sungura. Juzi wezi walikuwa wamemvunjia muuguzi huyo mlango, naye aliishi peke yake na sungura mmoja.

"Tafuta mbwa aliyekomaa, mpole, asiye wa kuwinda," mzee alisema. "Ila usiwaache wawili hao peke yao."

"Mimi nashinda kazini, baba."

"Basi sungura mpe mtu mwingine."

"Ni wa marehemu binti yangu. Alimlisha mpaka siku ile."

Mzee alikuna kidevu. Ushauri wa mbwa alikuwa nao tele, wa kifo hakuwa nao. "Pole, mwanangu. Lakini mbwa hajui msiba."

Treni iliposimama, mzee alishuka. Muuguzi alibaki ameketi, akimwaza binti yake, ingawa kituo hicho kilikuwa chake pia.