Yusra Anasomea Jela

Mwaka ule kambi za wakimbizi za Kasulu zilikuwa zimefurika Warundi, na kijiwe cha kahawa cha Abeid, pale Rusimbi, kilikuwa kimefurika wajuaji. Kila alasiri Yusra alipotoka chuo cha wananchi, alikosomea sheria ya jinai na urekebishaji wa wafungwa, alipita kumpokea mjomba wake Abeid birika ili akaswali. Na kila alasiri, kabla hajatua mkoba, wazee wawili walikuwa wameshamwanza. Mmoja Hakimu, aliyepata jina kwa kutoa ushahidi mahakamani mara moja tu maishani. Wa pili Mgebuka, mchuuzi wa samaki wa Mwamgongo.

— Leo wamekufundisha kufunga kufuli au kufungua? aliuliza Mgebuka.

— Wametufundisha namna mfungwa anavyoandaliwa kurudi uraiani, Mzee.

— Anaandaliwa? Kwani anaolewa?

— Mjukuu wangu, Hakimu akadakia, mambo ya mahakama nayajua mimi. Kozi hiyo muhula wa pili mnalala ndani, kwa mazoezi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Hatulali ndani, Mzee.

— Hawajakuambia tu.

Yusra alimimina kahawa huku ameuma meno. Mwezi mzima alikuwa akieleza jambo lile lile. Afadhali angetwanga maji kwenye kinu.

— Nasikia anayefaulu anapewa mfungwa mmoja aende naye nyumbani, amrekebishe, alisema Mgebuka. Abeid atafute kitanda.

— Na anayefeli ndiye anafungwa, Hakimu akamalizia. Ndiyo maana magereza yamejaa. Ila si kitu, penye wengi hapaharibiki neno.

— Wazee wangu, nisikilizeni leo tu, Yusra alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. Mtu akimaliza kifungo, kosa limekwisha. Anatoka, anarudi kwake, anaanza upya. Hicho ndicho ninachosoma. Basi.

Pembeni alikuwa amesimama mtu mwembamba, kipara kipya, kandambili za rangi mbili miguuni. Akakohoa, akasalimia kwa Kirundi.

— Amahoro, wazee. Binti, hilo ulilosema ni kweli?

— Kweli kabisa. Karibu ukae.

Akakaa. Aliitwa Ntahomvukiye. Alikuwa mkimbizi, na asubuhi ile alikuwa ametoka gereza la pale mjini, baada ya miezi sita. Kosa lake, alitoka kambini bila kibali kwenda kulima kibarua, watoto wapate kula.

— Pole sana, alisema Yusra, akampa kikombe. Lakini umemaliza. Rudi kwa watoto.

— Nataka sana. Ila kambi iko Kasulu, na mimi niko hapa, nje ya kambi, kibali sina. Sasa hivi nilivyokaa hapa, si nafanya kosa lile lile?

Mgebuka akamgeukia Hakimu.

— Nenda polisi uombe kibali, Hakimu alisema.

— Wataniuliza nimefikaje pale bila kibali.

Hakimu akainamia kahawa yake. Akatafuta methali, asipate hata ya kukosea. Yusra alipekua kichwani yote aliyofundishwa. Kila mfungwa wa vitabuni alikuwa na kwao, na njia ya kwenda kwao ilikuwa wazi.

— Sijui, baba, alisema.

Ntahomvukiye alitikisa kichwa taratibu, bila kinyongo.

— Niulizie kwa mwalimu wako. Ila upesi, binti. Kadiri ninavyongoja hapa, ndivyo kosa linavyozidi.