Shangazi Futi na Wageni Wasiojua Kuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye cherehani ile ile, Shangazi Futi wa wodi ya majeraha ya moto anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake, hata akienda kunywa chai.

Wengi hushangaa kusikia hospitali ina fundi cherehani. Mgonjwa akishapandikizwa ngozi, mwili huleta mishipa midogo ya damu kwa wingi ili kuilisha. Ni jambo jema. Lakini kazi ikiisha, mishipa ile haiondoki, na kovu hubaki jekundu, nene, linalowasha. Shangazi huwaambia wagonjwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa hawajui kuaga, basi tuwabane. Ndipo hutoa nguo zake za kubana, za kuvaliwa usiku na mchana na kuvuliwa wakati wa kuoga na kupaka mafuta tu. Wagonjwa hulalamika kwamba anabana kuliko mwenye nyumba. Yeye hucheka, kisha hubana kidogo tena.

Mwaka wake wa kwanza alikosea. Alishona glavu iliyobana mno, vidole vya mpishi mmoja vikapoa na kufa ganzi. Ilivuliwa mapema, vidole vikapona, lakini Shangazi hakusahau. Tangu hapo, kila anayevaa nguo mpya huketi saa nzima kwenye benchi kando ya cherehani, naye humgusa ncha za vidole mara kwa mara kuona kama zina joto.

Nalipenda benchi hilo! Mimi ni karani wa mafaili, na kila nilipopita, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliyeketi pale aliniuliza saa ngapi, huku saa ya ukutani ikiwa mbele ya macho yake. Leo ni mume wangu, mwezi wa tatu sasa, na bado natabasamu nikiandika neno hilo.

Harusi ilitukuta kovu la mkono wake likiwa bado jekundu kama pilipili. Tulimwomba Shangazi ruhusa ya kumvua glavu siku moja tu, nimvishe pete kwenye ngozi yake. Alikataa katakata. Alisema bibi harusi anaweza kungoja, mishipa haingoji. Nilinuna wiki nzima. Kumbe alikuwa anashona glavu nyeupe, safi kama shela langu, na pete ikapimwa juu yake.

Jumanne iliyopita alilibonyeza kovu kwa kidole. Rangi ikapotea, kisha ikarudi polepole, bila haraka ya zamani. Akalilinganisha na vipande vyake vya kitambaa, kuanzia chekundu hadi cha kahawia, kama afanyavyo kila mwezi. Kilichofanana nalo kilikuwa cha kahawia: wageni walikuwa wameaga. Akamvua glavu kwa mikono yake mwenyewe, na sote watatu tukalia.

Sasa pete inacheza kidoleni. Mume wangu hataki sonara aiguse. Shangazi alifumua uzi wa glavu nyeupe, akauzungusha kwa ndani, na pete imetulia.

Shangazi, umewafundisha wageni wengi kuaga, ila sisi umesahau kutufundisha. Asante kwa kila mshono. Itundike futi sasa, na siku zako zote ziwe pana, zisibane popote.