Bao la Mmoroko

Kila Jumatatu, mwalimu Levina husahihisha madaftari ndani ya basi la Kidatu. Leo kalamu ilisimama njiani.

“Nisimulie tena lile bao la Mmoroko,” mzee wa Idete alimwomba mkata miwa aliyeketi naye.

“Mara ya tatu, mzee! Kombe la Dunia la mwaka jana, na watu wanakumbuka Brazili tu. Alikimbia kushoto, akamhadaa beki wa Norwei, akafunga. Hukusikia redioni?”

“Betri zilikwisha. Nilizianika juani, wapi! Kijana wangu Faustin aliliona kwenye runinga huko kiwandani kwenu kwa sukari, akaja mbio kunisimulia. Nikamfokea kwamba mpunga unapukutika, aache upuuzi. Akaondoka, hajarudi.”

Levina, asiyejua hata kuotea kwenye mpira ni nini, alifunga daftari.

Basi likasimama kituoni, abiria wakaanza kushuka. Mzee hakuinuka.

“Siyo bao ninalolitaka, mwanangu,” alimwambia mkata miwa. “Namtaka Faustin.”