Mama Capitoline na Hadubini Aliyoibeba Mgongoni

Tarehe 30 Juni 2021, Mama Capitoline Nzeyimana anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika maabara ya hospitali yetu hapa Uvira. Alianza kwa kuosha vioo vya vipimo. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba ambacho hata madaktari hawaingii bila kubisha hodi.

Kazi aliyoipenda zaidi ni kuchunguza saratani ya ini. Wanafunzi aliwaeleza hivi: seli ikigawanyika, ni kama wanawake wawili wanaokunja kitenge, kila mmoja akivuta upande wake. Protini ndizo zinazowapanga. Baadhi ya protini hizo zikizidi, anatokea mwanamke wa tatu, naye anavuta. Kromosomu zinagawanywa ovyo, na hapo saratani hupata njia. Kwa somo hilo tulichana vitenge viwili, kimoja cha mke wa daktari.

Vita vilipofika mwaka 1998, alikimbilia kijijini kwao Katogota, hadubini mgongoni imefunikwa kama mtoto. Kibindoni alikuwa na kioo chenye kipande cha ini la Sévère, mkulima wa Kamanyola aliyekuwa akisubiri jibu. Njiani kina mama walimhimiza anyonyeshe, maana mtoto ametulia mno. Kwenye kizuizi askari walimfungua huyo mtoto, wakakuta chuma, wakataka kuichukua hadubini.

Capitoline akaweka kioo cha Sévère chini ya lenzi, akamwomba mkubwa wao achungulie kwanza. Yule askari alichungulia muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyezipa seli zile amri ya kugawanyika.

"Hakuna, shefu," alijibu Capitoline. "Protini za kuzikagua zimeharibika. Kila seli inajipa amri."

Askari akainua kichwa. "Mama, ile njo kama sisi hapa," akasema, akamrudishia hadubini. Wenzake kumi na mmoja walidai zamu zao kabla hajaruhusiwa kupita.

Alipofika Katogota, Capitoline aliandika jibu: saratani, ila uvimbe bado mdogo. Ndugu zake Sévère walimvusha hadi Bujumbura, akapasuliwa, akapona. Leo ana wajukuu wanne na bado analima mpunga.

Mama Capitoline, asante kwa macho yako na kwa ukali wako. Tunakuombea usingizi wa kutosha, samaki mukeke wa kuchoma kila Jumapili, na ini lisilohitaji kuchunguzwa na mtu yeyote. Ufunguo wa kabati la hadubini, tafadhali, uache mezani.