Mama Saini na Chewa Aliyegoma Kula

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Sainimere Nakasava anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, akiwa Mkuu wa Matunzo katika Nyumba ya Samaki ya hapa Lami, jirani na Suva. Sote tunamwita Mama Saini. Kibao cha mlangoni mwake chenye jina lake kamili hakijawahi kutubadilisha.

Alikuja kwetu moja kwa moja kutoka chuoni Suva, alikosomea viumbe wa baharini. Kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kuzamia ndani ya matangi na kusugua vioo, kwa miwani iliyokuwa ikivuja. Mwaka wa kimbunga kikubwa, umeme ulipokatika na pampu zote zikanyamaza, yeye ndiye aliyetupanga kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Mikono ilipotaka kulegea alituanzishia nyimbo za kwaya, na ole wake aliyekosea sauti. Chumba cha wagonjwa kilichoko nyuma, chenye mwanga hafifu na matangi tulivu, ni wazo lake. Wageni hawakijui, lakini wengi wa samaki wanaowashangaa pale mbele wamepitia humo.

Wafanyakazi wapya huwa na haraka ya kumuuliza ni dawa gani apewe samaki asiyekula. Huwaambia wavute kiti wakae. Samaki hana namna ya kuonyesha panapomuuma. Akiugua hukataa chakula, akiogopa hukataa chakula, maji yakichafuka au yakipoa hukataa chakula vilevile. Kwa hiyo Mama Saini hutazama kwanza: anapumuaje, amelala wapi, macho yake yakoje, wenzake wanakula? Kisha hupima maji. Kisha huuliza ni nini kimebadilika. Dawa huja mwisho, kama inakuja. Katika miaka yake ya mwanzo aliwahi kumtia pono dawa kali kwa kubahatisha, akampoteza, na kisa hicho hukisimulia mwenyewe kwa kila mgeni wa kazi, bila kujipunguzia lawama.

Lakini kisa tunachokipenda zaidi ni cha Mjomba, chewa wetu mkubwa. Jina hilo alipewa na mlishaji wake, Akuila Ravouvou. Chewa ni samaki wa ukoo wa mama yake Akuila. Watu wa ukoo huo hawamli, na wakikutana naye baharini humpisha kama mzee wao. Ikumbukwe pia kwamba kijiji cha Akuila na kijiji cha Mama Saini ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hawa wawili hawajawahi kusalimiana bila kutukanana kwanza.

Mwaka juzi Akuila alifiwa na mama yake. Alikwenda kijijini kwenye matanga, na kama ilivyo desturi yetu, hakurudi mpaka shughuli zote zilipokwisha. Aliporudi alimkuta Mjomba amejilaza kwenye kona ya tangi, amewapa watu mgongo. Akamtupia dagaa. Mjomba hakugeuka. Akamtupia ngisi, chakula anachokipenda kuliko vyote. Ngisi akamdondokea puani, akateleza hadi chini.

Akuila alikuja ofisini akiwa amekunja kofia yake mkononi. "Mama amekwenda, sasa na Mjomba anamfuata," alisema. "Akifa huyu mikononi mwangu, nitawatazamaje wajomba zangu? Mpeni mtu mwingine tangi lile. Mimi narudi kijijini." Wakati huo baadhi yetu tulikwishaleta chupa ya dawa, na wavu mkubwa ulikuwa tayari.

Mama Saini aliuweka wavu pembeni, akatandika mkeka mbele ya tangi, akaketi. "Keti, mtani," alimwambia. "Watu wa kijiji chenu mnajua kulia tu, kutazama hamjui."

Wakatazama. Pumzi za Mjomba zilikuwa za polepole lakini sawasawa, na macho yake maangavu. Ngozi haikuwa na madoa wala matamvua hayakuwa na wadudu. Samaki wadogo waliomo tangini mwake walikula kama kawaida. Hata hivyo tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, na maji yalipopimwa yalionekana machafu kuliko yanavyopaswa kuwa, kana kwamba kuna chakula kinachooza mahali.

Wakati wa chai, Mama Saini alisimama mbele yetu. Hakuuliza nani kaharibu. Alisema Akuila angependa kuwashukuru wote waliomwangalia Mjomba wakati wa msiba wake. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Premila wa mkahawani. "Mimi nilimpa samaki kidogo asubuhi, maskini, nikasema amebaki yatima." Mlinzi wa usiku naye akainua. "Na mimi jioni. Ningempitaje bila kumwambia karibu chakula?" Ukafuata mkono wa mkata tiketi, wa fundi wa pampu, wa mfagiaji. Kila mmoja alidhani wengine wamesahau. Kumbe Mjomba alikuwa akila matanga kuliko sisi tuliokwenda matangani!

Kucheka tulicheka, lakini Akuila hakucheka. Aliinama, akajifuta macho, akasema kwamba hakujua kama tulimpenda mama yake kiasi hicho.

Chewa hula kwa pupa, na akishashiba sana huweza kukaa muda mrefu bila kula tena. Kwa hiyo tiba ilikuwa njaa. Maji yalibadilishwa kidogo kidogo, machujio yakasafishwa, taa zikapunguzwa, na chakula kikakatazwa kabisa. Kwa watu wetu, ambao hata mpita njia wasiyemjua humwita aje ale, hakuna adhabu iliyo nzito kuliko hiyo. Premila alibadilisha njia ya kwendea jikoni ili asikutane na macho ya yule samaki. Mama Saini alilinda tangi kutoka mkekani, akiwatania wote waliokaribia na mikono mifukoni: "Wewe, toa mkono tuuone!"

Akuila ndiye aliyeteseka zaidi. Alitaka kujaribu angalau kipande kimoja. "Mtani, kumpenda kwako kutamuua," Mama Saini alimjibu, safari hii bila utani. "Kaa naye tu. Anakuona." Basi akakaa. Akamwelezea Mjomba mazishi yalivyokuwa, nani aliimba, nani alikuja kutoka kisiwa gani. Hatukumsikiliza, lakini tulisikia.

Hatimaye tumbo likalegea, Mjomba akatoka konani. Mama Saini alimpa Akuila kaa mmoja aliye hai. Kaa hakuwahi kugusa mchanga. Lile domo lilifunguka, likajifunga, na Akuila akapiga ukelele uliowafanya watoto wa shule waliokuwa kwenye matangi mengine waje mbio.

Leo Akuila ndiye anayeachiwa chumba cha wagonjwa. Jumatatu wiki hii Mama Saini alikuja kumuaga Mjomba, akiwa na kaa mkubwa ndani ya kikapu. Akuila alimzuia mlangoni.

"Ameshakula."

"Mtani, ni kaa wa kuagana!"

"Hata samaki wa msiba walikuwa wa upendo. Rudi na kaa wako."

Mama Saini alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Yule kaa tulimpika kwa tui la nazi tukamla pamoja, na sahani ya kwanza Akuila alimpa yeye.

Mama Saini, asante kwa kutufundisha kuketi na kutazama. Nenda ukapumzike, afya iwe yako na wajukuu wasikuchoshe upesi. Mlango wetu ukiupita wakati wa chakula, jua kwamba ile amri ya njaa ilikuwa ya Mjomba tu. Wewe ingia, ule.