Jina la Bado Kidogo

Pale Rumonge, njia inapoteremka kutoka sokoni kwenda ziwani, kulikuwa na gogo la mchikichi lililolala mbele ya jiko la Swedi muuza kahawa. Zamani gogo hilo lilijaa wastaafu mpaka waliochelewa wakanywa wima: wavuvi waliochoka, mafundi, wakamua mawese, kila mmoja na jina alilopewa na kijiwe, si na mamaye. Vita ikaja ikalipunguza. Huyu kavuka ziwa kwenda Kigoma, yule kakimbilia Uvira, mwingine kazikwa harakaharaka hata kahawa ya matanga haikunyweka. Wakabaki watatu. Asmani alifanya kazi maisha yake yote kwenye boti za Mgiriki wa samaki, miguu nje, ndiyo maana akaitwa Kaptula hata siku anazovaa kanzu. Cikuru, fundi cherehani mstaafu wa kutoka ng'ambo ya Uvira, alikuwa Waziri, kwa kuwa aliongea kama serikali nzima inamsubiri yeye. Na Athumani, aliyekuwa dereva wa lori la mawese, alikuwa Redio, na redio yenyewe hakuiweka chini hata chooni. Mwisho wa gogo, upande wa ukutani, palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikalia. Ilikuwa ya Bado Kidogo.

Alasiri hiyo walikuwa wanamjadili mama mmoja.

— Ule mama iko mupelelezi, alisema Redio, akapunguza sauti ya redio ili apandishe ya kwake. Tangu afike, mulango umefungwa. Mutu mwema anafunga mulango mchana?

— Kuna vita, Redio, alisema Swedi. Hata wewe unafunga.

— Mimi nafunga juu ya mbuzi, wasiibwe!

Waziri akakohoa. Waziri akikohoa, ujue methali inakuja na imevunjika mguu.

— Wahenga balisema: asiyefunzwa na mamaye, siku ya tatu mpe jembe.

— Hizo methali mbili, Waziri.

— Zimeoana. Sikilizeni mimi. Ule si mupelelezi. Ule ni mujane wa mutu mukubwa wa Bujumbura. Dhahabu iko chini ya kitanda, ndiyo maana hatoki.

— Dhahabu gani, na kila siku anafagia uwanja mwenyewe?

— Anafagia ili asahau kama iko tajiri!

— Basi mimi nasema, akadakia Redio, ni bibi wa ule Mgiriki. Amerudi kudai samaki zake zote tulizokula bure.

Wakacheka, Swedi akacheka, hata askari aliyekuwa akipita na bunduki yake begani akageuka kutazama kuna nini. Asmani hakucheka. Yeye alimwonea yule mama kinyongo cha kweli, na kila mtu gogoni alijua. Nyumba aliyopewa na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, ilikuwa ya Bado Kidogo.

Ee, Bado Kidogo! Yeye na Asmani walivuta nyavu za Mgiriki pamoja, wakatumia ukuta mmoja, na ukuta huo ulikuwa na tundu waliloliacha makusudi. Kwenye tundu hilo sahani zilipita: Idi ikifika inapita pilau, Mgiriki akigawa samaki inapita mukeke ya kuchoma, mtoto akizaliwa unapita uji. Siku hizo usiku taa za wavuvi zilitapakaa ziwani mpaka ungedhani kuna mji mwingine kule majini. Swedi akigonga vikombe vyake vya kahawa, ka-ka-kaa, ka-ka-kaa, mlango wa Bado Kidogo ndio uliofunguka wa kwanza mtaa mzima. Anatoka na shuka kiunoni, anaonja, anakunja uso: "Nyepesi hii, Swedi." Kisha anakunywa vikombe vinne. Ukimwambia twende tukaswali, bado kidogo. Ukimwambia kahawa imekwisha, bado kidogo. Hata asubuhi ile risasi zilipolia mlimani na watu wakakimbilia mitumbwi, mwanawe Mwamini ndiye aliyemvuta mkono, naye anageuka nyuma anamwambia Asmani, bado kidogo, Kaptula, wacha nifunge mlango. Mitumbwi ile ilielekea Kigoma; toka hapo, hakuna habari.

Ndiyo maana Asmani hakwenda kumwamkia jirani mpya. Mtaa ule mgeni akihamia, jirani wa ukuta humpelekea kaa la kwanza la moto, na yeye hakupeleka. Mkewe alimsema mpaka akachoka. Kila Ijumaa Asmani alitazama tundu la ukuta, akaona mwanga wa mtu mwingine upande wa pili, akageuka akalala.

— Huyo anakuja, alinong'ona Swedi.

Kweli, yule mama alikuwa akiteremka njia na kifurushi kichwani. Mtu mzima, mwembamba, kitenge safi, viatu vya raba. Alifika, akashusha mzigo, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo watu wa milimani.

— Amahoro, wazee wangu.

— Amahoro, mama, wakajibu wawili. Asmani akajibu baadaye.

— Miguu imeniuma, alisema, akakaa. Akakaa mwisho wa gogo, upande wa ukutani.

Redio alizima redio, jambo ambalo halijawahi kutokea. Swedi alishika birika hewani. Asmani akafungua mdomo amwondoe, lakini mama akaanza kwanza.

— Naitwa Marguerite. Nilikuwa mukunga kule Kabezi, mpaka nikapewa retireti, nikapumzika kazi. Nimezalisha watu wengi, wengine iko mu jeshi leo, wengine iko mu porini. Nisameheni sikuja kuwaona. Nilikuwa naogopa. Sikujua nani iko nani.

— Hata sisi tulikuwa tunaogopa, alisema Swedi, akamkazia Redio macho.

— Mukunga! alisema Waziri, kama mtu aliyeibiwa dhahabu yake.

— Musichana wangu iko kambini Kigoma. Nimepata boti, inaondoka mbele ya kupambazuka, nitalala kwa mwenye boti. Aliposema hivyo akafungua ncha ya kitenge akatoa ufunguo, akamnyooshea Asmani. Baba, hii ni ya nyumba. Nimefagia, nimeziba pale mvua ilikuwa inaingia. Weka wewe, shefu asimpe mutu mwingine. Wewe ndiye jirani yake.

Asmani aliupokea. Haya zilimshika mpaka masikioni. Kaa moja la moto tu, na hakulipeleka.

— Mama, nisamehe, alisema. Mimi sikukutendea ujirani.

— Yameisha, baba. Sasa nisaidie. Nimelala mu nyumba ya mutu, nimekula ndizi zake. Nikifika kambini nataka nimutafute nimushukuru, nimwambie nyumba yake iko salama. Anaitwa nani?

— Bado Kidogo! walijibu wote kwa pamoja.

Mama akatabasamu.

— Hilo ni la kuchezea. Kambi ile ni watu kama mchanga. Lazima niulize jina lake, lile alipewa na mama yake.

Asmani alivuta pumzi ili alitaje. Akaivuta tena.

— Rajabu, alisema Redio.

— Rajabu si yule kinyozi? akauliza Swedi.

— Basi Ramazani. Ni mwezi tu umekosea.

— Mujinga wewe, alisema Waziri. Ule mutu alitoka Kalemie kijana, na kule alikuwa mutoto wa sultani. Alificha jina ili wasimurudishe kwenye kiti. Haba na haba, mficha uchi hazai!

— Mtoto wa sultani anavuta nyavu za Mgiriki?

— Ndiyo maana alikuwa hana haraka! Umeona wapi sultani na haraka?

— Kwenye boti mlimwitaje? Swedi alimuuliza Asmani.

— Mgiriki alitupigia kipenga. Mimi mlio mmoja, yeye miwili.

— Na mkeo?

— Anamwita Shemeji.

— Baba Mwamini! akapiga kelele Redio. Mama, uliza Baba Mwamini!

— Baba yangu, alisema Marguerite taratibu, mimi peke yangu nimezalisha akina Mwamini kumi.

Swedi aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa tone moja na masimbi ya kahawa. Asmani alitazama ufunguo kiganjani. Alijua kovu la Bado Kidogo lilikotoka. Alijua anavyokoroma, alijua samaki anayempenda na upande wa samaki anaoanza nao, alijua alivyolia siku mkewe alipofariki. Na jina likikosekana tu, huyu mama atapita mbele ya hema lake na hatamjua, na Bado Kidogo atazeeka kule akidhani hana pa kurudi. Jamani, jina tu!

Kisha akainuka, akaenda kwa Swedi, akachukua vikombe viwili kwenye trei bila kuomba.

— We Kaptula, hivyo vyangu!

— Kaa kimya, Swedi. Mama, tazama mkono wangu.

Akaviweka kiganjani, akavigonga kimoja kwa kingine: ka-ka-kaa, ka-ka-kaa.

— Pita kambini ukigonga hivyo, hema kwa hema, alasiri, saa ya kahawa. Usiulize jina. Watatoka wengi. Mzee atakayetoka na shuka kiunoni, akaonja, akasema nyepesi hii, ndiye.

— Hata kama sina kahawa?

— Mpe maji. Atasema hivyohivyo.

Waziri alicheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Marguerite alivipokea vikombe, akavifunga kwenye ncha ya kitenge palipokuwa na ufunguo. Akajitwika mzigo.

— Na akiuliza nani amenituma?

Asmani alifungua mdomo aseme Asmani, akaufunga. Miaka yote ile ya ukuta mmoja, Bado Kidogo hakumwita hivyo hata siku moja. Huenda hakulijua.

— Mwambie Kaptula, alisema. Mwambie ufunguo ninao mimi, na mahali pake gogoni papo.

— Murakoze, baba, akashukuru.

Akaondoka. Kuvrefe, saa ya kutotoka nje, ilikuwa karibu, watu walikwisha kuingia ndani, njia nyeupe. Walimsikia akiteremka kuelekea ziwani, ameshavitoa vikombe, anajaribu, anakosea, anajaribu tena. Alipofika kwenye kona akapata, ka-ka-kaa, sawasawa kabisa, na wazee wote watatu wakageuka kuutazama mlango wa Bado Kidogo.